Pasi ya Mkaa na Mikono Iliyoishika

Ifikapo Desemba, nyumba zetu za Nizwa, Ibra na Sur huwa na shughuli zisizokwisha. Tarehe 9 tunaadhimisha Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Tarehe 10 wazee wa Unguja na Pemba huikumbuka siku yao ya mwaka 1963, na tarehe 12 jirani zetu Wakenya husherehekea ya kwao. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu wenzetu wameandika juu ya viongozi, vyama na bendera, na ndivyo inavyopasa. Sisi tumeomba kurasa chache tuandike juu ya kitu ambacho hakikuwahi kupanda jukwaani: pasi ya mkaa.

Sababu ipo. Miaka hii kukusanya vitu vya kale kumekuwa desturi kwa wengi wetu. Ukipita soko la Nizwa, karibu na ngome, utaona maduka yenye majambia, dele za kahawa, masanduku ya mbao yenye misumari ya shaba, na reale za fedha zenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780. Katikati ya hivyo, mara nyingi sakafuni karibu na mlango, hukaa pasi za mkaa, nyeusi, nzito, zenye vumbi. Mtalii hununua moja akaenda kuiweka sebuleni. Sisi nasi tumeanza kuzinunua, na wengine wetu wamezibeba kutoka Tanga, Bagamoyo au Unguja kwa ndege. Kila aliyewahi kupimiwa mzigo uwanja wa ndege ataelewa kwamba hayo ni mapenzi ya kweli.

Lakini katika kukusanya huko tumeona jambo la kututia wasiwasi. Tukimuuliza kijana aliyezaliwa hapa Oman kitu hiki ni nini, hujibu kuwa ni pambo. Tukimuuliza mwenye nacho kilikuwa cha nani, mara nyingi hajui. Na wazee walioishika pasi hiyo kwa mikono yao wanazidi kutuaga mmoja mmoja. Chuma kitabaki, wala hakihitaji haraka yetu. Kinachohitaji haraka ni habari za waliokitumia.

Ilivyofanya kazi

Watoto wetu, pasi mnayoijua ninyi ina waya. Hii haina. Ni sanduku la chuma lenye umbo la mashua: nyuma pana, mbele limechongoka ili lipite kwenye kola na katikati ya vifungo. Juu lina kifuniko chenye bawaba, na mpini wa mbao ili mkono usiungue. Mbavuni lina matundu ya kupitishia hewa. Mbele lina komeo dogo la kufungia kifuniko, na katika pasi nyingi komeo hilo limesubiwa kwa umbo la jogoo. Mtoto wa zamani alimjua jogoo huyo wa pasi kabla hajamjua jogoo wa chama cha KANU kule Kenya.

Kazi ilianzia kwenye jiko la mkaa, ambalo watu wa pwani waliliita seredani. Mkaa uliwashwa humo kwanza mpaka ukashika vizuri na moshi ukaisha, kwa sababu mkaa usioshika hutoa moshi na kuharibu nguo. Makaa mekundu yakachukuliwa kwa koleo, yakapangwa ndani ya pasi, kifuniko kikafungwa. Moto ukilegea, mpigaji pasi alitoka uani akaipunga pasi mbele na nyuma ili upepo upite matunduni, au aliipepea kwa kipepeo cha ukili. Watoto walipenda sana kupewa kazi hiyo, na mama zao waliogopa sana kuwapa.

Pasi hiyo haikuwa na kidude cha kuzungusha cha kupunguza au kuongeza joto. Kipimo kilikuwa kidole kilicholowa maji. Tone likichemka polepole, pasi bado. Likiruka kwa mlio, pasi imekuwa kali mno, nayo lazima ipitishwe kwanza juu ya kitambaa kibovu. Kwenye migomba, kitako cha pasi kilisuguliwa juu ya jani bichi la mgomba ili kiteleze na kuacha masizi. Nguo ilinyunyiziwa maji mapema, ikakunjwa, ikaachwa inywe unyevu wake. Kanzu na kofia zilitiwa uwanga, na huko kwetu uwanga mwingi ulitokana na muhogo. Kisha ndipo mkono ulipoanza kwenda na kurudi.

Hatari hazikukosekana. Cheche moja ikitoka matunduni juu ya kanzu nyeupe ya Ijumaa, hiyo kanzu imekwisha. Majivu yalichafua. Pasi yenyewe ilikuwa na kilo mbili, tatu au zaidi, na mtu mwenye rundo la nguo aliinyanyua mara mamia kwa siku. Nguo zilizoanikwa kivulini zilikuwa na hatari yake nyingine: yuko nzi katika Afrika yetu anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia katika ngozi ya mwenye kuzivaa. Moto wa pasi huyaua mayai hayo. Ndiyo maana bibi wengi wa bara walipiga pasi hata nepi za mtoto, tena pande zote mbili. Ilikuwa dawa kabla ya kuwa urembo.

Ilikotoka

Wazo la kunyoosha nguo kwa moto ni la kale sana, wala halina mwenyewe mmoja. Wachina walitumia chombo kama kikaango chenye mpini mrefu, kilichojazwa makaa, wakakipitisha juu ya hariri iliyoshikwa na watu wawili. Picha ya zamani ya Kichina iliyochorwa karne ya 12, ambayo sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Boston, inawaonyesha wanawake wa ikulu wakifanya hivyo hasa. Wenzetu waliosoma shule za bweni watacheka wakiiona, kwani ni ile ile hila ya sufuria iliyotiwa makaa wakati pasi ya bweni iko kwa mtu mwingine.

Ulaya na Marekani watu wengi walitumia pasi za chuma kitupu, zisizo na nafasi ya makaa ndani. Zilipashwa moto juu ya jiko, moja ikitumika nyingine ikipata joto. Kwa nyumba kubwa na kwa madobi, yalitengenezwa majiko maalumu ya kufulia, ya chuma cha kusubu, yenye kuta za mshazari. Pasi kadhaa ziliegemezwa kwenye kuta hizo zikipata joto kwa pamoja, na juu ya jiko likawekwa pipa la maji ya kufulia. Wakusanyaji wa huko leo huyatafuta majiko hayo kama sisi tunavyotafuta masanduku ya Zanzibar. Viwanda vya Uingereza, kama kile cha Kenrick cha West Bromwich, vilisubu pasi kwa wingi na kuzipiga namba za ukubwa mgongoni. Mwaka 1871 mwanamke wa Iowa, Mary Florence Potts, alipata hataza ya pasi yenye mpini wa kuchomoa: mpini mmoja wa mbao uliobaki baridi, na vyuma kadhaa vya kubadilisha. Mwaka 1882 Henry W. Seely wa New York alipata hataza ya pasi ya umeme.

Kwetu majiko yale makubwa hayakuenea. Nyumba ya pwani haikuwa na jiko la chuma la kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Ilikuwa na mafiga, na ilikuwa na seredani inayobebwa. Kwa hiyo pasi iliyotufaa ni ile inayobeba moto wake tumboni. Unaweza kuipeleka uani, barazani, chini ya mwembe, au mbele ya duka la fundi cherehani. Mkaa ulikuwapo kila soko. Ziko pasi zilizoletwa kutoka Ulaya, ziko za shaba zilizotoka Bara Hindi, na baadaye mafundi wetu wenyewe wakaanza kuzisubu kutokana na vyuma chakavu.

Bahari moja, mkaa mmoja

Mtu anaweza kuuliza: haya ya Tanga na Unguja yanahusiana nini na Sur, Ibra na Nizwa? Yanahusiana sana. Kwa karne nyingi majahazi ya Sur yalishuka na kaskazi kuelekea Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, na kurudi na kusi. Yalikwenda na tende, chumvi na samaki mkavu. Yalirudi na boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, karafuu, nafaka, na yale ambayo kila baharia alijinunulia kwa fedha yake. Baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, njia hiyo ikawa ya familia nzima. Watu wa Ibra na vijiji vya jirani, Wahārthi wakiwa wengi miongoni mwao, walijenga nyumba pande zote mbili. Ukitembea mtaa wa Al Minzfah pale Ibra utaona magofu ya majumba marefu yenye milango mizito, na mengi yalijengwa kwa mali ya biashara ya Afrika Mashariki.

Nguo nazo zilisafiri. Kofia ya viua ya Unguja na kumma ya Oman ni ndugu wa tumbo moja, na hapa kila mtu anajua kwamba sanaa hiyo ilivuka bahari pamoja na watu. Kofia haina heshima ikilegea. Hutiwa uwanga, hunyooshwa, husimama. Kanzu na dishdasha pia haziombi mengi: weupe, usafi na mstari ulionyooka. Kwa hiyo pande zote mbili za bahari palihitajika mkono wenye pasi.

Hata moto ulifanana. Mti ambao Waomani huuita samur, unaoshindana na jua kwenye mabonde ya Dakhiliyah na Sharqiyah, ni mgunga wa aina ile ile inayotandaza kivuli kama mwavuli katika mbuga za Tanzania. Mkaa wake ni mgumu na hukaa na moto muda mrefu. Na pande zote mbili kaa lilipotoka katika kupika lilikuwa na kazi nyingine: lilinyoosha nguo, kisha likaingia katika chetezo kufukizia udi nguo ile ile iliyonyooshwa. Moto mmoja, kazi tatu, na mwenye nyumba hakupoteza hata kaa moja.

Watu wa Sur wanatufundisha jambo la kukusanya. Jahazi lao kubwa, Fat'h al-Khair, lilijengwa Sur likaishia kwa wengine. Mwaka 1993 lilinunuliwa Yemen na kurudishwa nyumbani, na leo limekaa pwani kila mtoto alione. Hawakulirudisha kwa sababu mbao zake ni nzuri tu. Wanajua lilikuwa jahazi la aina gani, lilijengwaje na lilisafiri wapi. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, na mji ule haukusahau.

Nani aliyeishika?

Hapa ndipo historia inapotudai ukweli. Tunapoitazama pasi nzuri ya shaba dukani, ni rahisi kufikiri juu ya bwana aliyevaa kanzu. Lakini bwana huyo hakuinyoosha mwenyewe.

Katika majumba makubwa ya karne ya 19, Unguja na pia huku Oman, kazi ya kufua na kunyoosha ilikuwa ya watumwa na wajakazi. Wengi wao walitoka ndani ya Afrika yetu, na majina yao hayakuandikwa popote. Mtumwa wa shamba alivaa kaniki au marikani, na mara nyingi hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Alinyoosha heshima ya mtu mwingine, naye mwenyewe hakupewa ya kuvaa. Utumwa ulipoondolewa nguvu ya kisheria Unguja mwaka 1897, moja ya mambo ya mwanzo ambayo watu wa Ng'ambo waliyafanya ni kubadili mavazi. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliacha kaniki wakajifunga kanga. Nguo safi iliyonyooka ikawa tangazo lisilohitaji maneno: mimi ni muungwana. Tanganyika sheria kama hiyo ilikuja mwaka 1922, na Oman mwaka 1970. Katika jumuiya yetu wamo wajukuu wa waliovaa na wajukuu wa walionyoosha, na mara nyingi wamo ndani ya ukoo mmoja. Hakuna faida kuficha. Pasi ni shahidi wa wote wawili.

Baadaye ikaja zama za dobi. Neno lenyewe limetoka Kihindi, na miongoni mwa madobi wa mwanzo katika miji ya pwani walikuwamo watu wa Bara Hindi waliorithi kazi hiyo baba hadi mwana. Waafrika nao waliishika. Katika nyumba za maofisa wa kikoloni wa Tanganyika, kazi za nyumbani zilifanywa zaidi na wanaume, na kaptula ya kaki iliyotiwa uwanga hata ikasimama kama ubao ilitoka mikononi mwao. Kwa mshahara huo mdogo watoto wengi walipelekwa shule.

Wala mlolongo huo haujakatika. Dada zetu kadhaa walioko Oman leo riziki yao inapitia kwenye pasi, ya umeme sasa, katika nyumba za watu. Wanatuma ada za shule na bati za kuezekea nyumbani. Tunapoandika historia ya pasi, nao wamo ndani yake. Mtoto wa jumuiya hii anayejua thamani ya kazi ya pasi ya bibi yake hatamdharau anayempigia pasi sare yake ya shule.

Nguo za usiku wa Uhuru

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Uwanja wa Taifa Dar es Salaam ulijaa. Saa sita ya usiku bendera ya Mwingereza ilishuka, ikapanda ya Tanganyika yenye kijani, dhahabu na cheusi. Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge kileleni Kilimanjaro. Picha za siku zile tumeziona wote. Safari nyingine mkizitazama, watoto wetu, angalieni nguo. Tazameni mashati meupe, magauni ya kitenge na kanga mpya, kanzu za wazee, sare za askari na za watoto wa shule. Hakuna aliyekuja amekunjamana.

Wakati huo umeme ulikuwa katika miji michache ya Tanganyika, na hata humo haukufika kila nyumba. Katika vijiji haukuwapo kabisa. Kwa hiyo nguo nyingi mno zilizovaliwa siku ile, Dar es Salaam, Tabora, Mwanza, Lindi na kila makao ya wilaya ambako watu walikusanyika, zilinyooshwa kwa mkaa. Kabla ya bendera kupanda kulikuwa na seredani ngapi zilizowashwa uani jioni ile? Na asiyekuwa na pasi hakukubali kushindwa. Aliazima kwa jirani, akangoja zamu. Au aliikunja suruali kwa mstari wake, akailaza chini ya godoro na kulala juu yake bila kujigeuza, na asubuhi ikatoka na mstari ungedhani imetoka kwa dobi.

Tunaposema wananchi walipokea uhuru wakiwa na heshima yao, tukumbuke kwamba heshima hiyo kuna mtu aliifanyia kazi kwa mikono, na mara nyingi alikuwa mama aliyebaki nyumbani na majivu ya pasi wakati wengine wameshatangulia uwanjani. Yeye hayumo katika picha. Pasi yake huenda ipo.

Umeme ulipokuja, na ulipokatika

Nizwa, Ibra na Sur zilipata umeme baada ya mwaka 1970. Familia zilizorejea kutoka Afrika Mashariki katika miaka hiyo zilikuta nyumba nyingi bado zikitumia taa ya mafuta na kuni, kama walivyoacha vijijini kwao. Waya ulipofika, pasi ya mkaa ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kustaafu. Ilisukumwa darini, ikazuia mlango usipigwe na upepo, ikauzwa kwa kilo. Kutoka huko ndiko ilikofika dukani Nizwa.

Kwetu Afrika haikustaafu kabisa. Hadi leo fundi cherehani wa mtaani anayo karibu na mguu, na maeneo yasiyo na umeme yanaitegemea. Na Unguja imepata somo mara mbili. Umeme wa kisiwa huja kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mei 2008 ulikatika karibu mwezi mzima. Kisha tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme huo. Wenye jenereta waliwasha. Wengine walipanda darini kutafuta kile walichokisahau, wakamtafuta na bibi wa kuwaelekeza namna ya kukitumia. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na katika miezi ile maneno hayo yalikuwa na moto ndani yake.

Tazameni basi kilichohitajika: chuma, na mtu anayejua. Nyumba iliyokuwa na chuma bila mjuzi iliunguza mashati.

Mkusanyaji afanye nini

Kwa wanaoanza kukusanya, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, tazama kabla ya kulipa. Pasi iliyotumika kweli ina kitako laini, kilichosuguliwa na nguo za miaka. Ndani yake ina alama za moto. Mpini wake umeng'ara pale kiganja kilipokaa. Zinazotengenezwa leo ili zionekane za kale mara nyingi zina kutu ya juu juu na kitako kinachokwaruza. Bawaba iwe nzima, na komeo lifunge. Jogoo akiwa amepotea, usimtie jogoo mpya. Muache alivyo.

Pili, usiipake rangi ya dhahabu. Ondoa vumbi na kutu inayobanduka kwa brashi, ipake mafuta kidogo, basi. Mpini uliokatika ukafungwa kwa waya na mwenyewe usiubadilishe. Waya huo ni sehemu ya habari zake.

Tatu, usiiwashe ndani ya nyumba. Nyumba zetu za hapa hufungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, na mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Mkitaka kuwaonyesha watoto, fanyeni uani, penye upepo, mkubwa akiwapo.

Nne, na hili ndilo kubwa, iandikie karatasi. Maswali ni matano tu. Ilikuwa ya nani? Ilitumika mji gani au kijiji gani? Nani hasa aliyeishika: mama, mjakazi, dobi, fundi, mwanafunzi? Ilinyoosha nguo gani? Imefikaje hapa? Kama umeinunua dukani na muuzaji hajui lolote, andika jina la soko na mwaka ulioinunua, usibuni zaidi. Kama ni ya ukoo, jibu lipo kwa mtu aliye hai, naye si wa kungojwa. Watoto mnazo simu. Kaeni na nyanya, bibi au babu, mrekodini akieleza kwa Kiswahili chake, hata kama ninyi mtauliza kwa kuchanganya Kiarabu. Mtapata na maneno yanayopotea pamoja na kazi yake: seredani, kipepeo, uwanga, koleo.

Hapa Oman hatukosi mifano ya kuigwa. Bait Al Safah kule Al Hamra ni nyumba ya kale ambamo wenyeji huwaonyesha wageni kazi za zamani kwa vitendo, na mwaka 2023 lilifunguliwa Manah jumba kubwa la makumbusho ya Oman katika zama zote. Yote mawili yako Dakhiliyah, mwendo mfupi kutoka Nizwa. Nendeni na watoto. Kisha rudini mtazame rafu zenu wenyewe kwa macho mengine.

Sisi tunapendekeza kwamba katika sherehe ya mwakani jumuiya itenge meza moja. Kila familia yenye pasi iilete, pamoja na karatasi yake. Isiyo na pasi ilete karatasi peke yake, maana wako waliokuwa na bibi dobi na chuma chake kikapotea njiani, na habari zake hazina sababu ya kupotea nacho. Dada zetu wanaofanya kazi majumbani nao waandike zao. Meza hiyo tuiweke karibu na bendera.

Tunawatakia nyote sikukuu njema ya Uhuru. Na wazee wetu mnaoweza kusoma kurasa hizi, tafadhalini msingoje mwakani. Tuiteni nyumbani tuje na kalamu.